Feni Zinazojiwasha

9 Februari

Mwanangu kipenzi,

Kabla ya lolote, kikohozi kimekuacha? Usinijibu kwamba ni kidogo tu, maana ndivyo ulivyosema mwaka ule ukaishia kulazwa. Sisi huku wazima. Goti langu linalia kila wingu likijikusanya, lakini cherehani naikanyaga kwa mguu wa pili. Mdogo wako tumbo limeanza kuonekana, anatamani kula udongo wa ukutani, nimeupaka chokaa ili aukose. Paka amezaa ndani ya kapu langu la vitambaa, sasa nikitaka kipande cha kitenge naomba ruhusa kwake.

Baba yako hajambo.

Nina jambo dogo la kukuuliza kwa kuwa wewe ndiye fundi. Ile pikapu, unakumbuka feni yake ya injini, ile iliyokuwa ikizungushwa na mkanda? Bawa moja lilikatika likachana rejeta. Baba yako akaiziba rejeta, akaitoa feni ile yote, akafunga feni mbili ndogo za umeme alizozitoa kwenye gari la watu lililokuwa limelala tu nyuma ya gereji. Zinafanya kazi vizuri, sisemi neno. Ila haziwaki zenyewe. Ameweka swichi karibu na usukani, na sindano ya joto ikianza kupanda inabidi aibonyeze. Nauliza tu mwanangu, hakuna namna ya kuzifanya zijiwashe maji yakipata moto, bila mtu kukumbuka?

Usimwambie baba yako kuwa nimeuliza. Simu hapa nyumbani ni moja na ndiye anayeitembeza mfukoni. Niandikie, barua umpe yule dereva wa lori la saruji anayekuja huku. Ni mtu mwaminifu, kasoro yake ni maneno mengi.

Vaa fulana ndani ya shati. Ni mimi mama yako, ninayekuwaza hata nikitunga uzi kwenye sindano.

* * *

1 Machi

Mama, shikamoo.

Kikohozi kimeisha. Nimehamia chumba kingine, hiki hakivuji, jirani yangu ni fundi viatu na kelele zake ni za mchana tu. Kazi ipo. Mwambie mdogo wangu aache kula nyumba, mjukuu atazaliwa na matofali.

Jibu la swali lako ni ndiyo, feni zinaweza kujiwasha. Kunahitajika swichi ya joto, rilei, fyuzi na waya mnene kiasi. Ni kazi ya nusu siku.

Kinachonishangaza ni anayeihitaji. Mwenye gari hilo alikuwa akinikanya nikitazama nje ya dirisha badala ya kuitazama sindano. Alikuwa akisema dereva asiyeangalia geji akaendeshe punda. Leo amekubali mashine imfikirie? Halafu hapo njia panda yupo Tarumbeta, umeme wa magari anaujua kuliko mimi. Kwa nini swali linasafiri mpaka huku?

Mama, kuna nini?

Nisalimie wote.
Mwanao

* * *

14 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikairudia. Umeandika "mwenye gari". Nilitafuta neno baba kama ninavyotafuta sindano iliyoanguka kwenye mkeka, sikuliona. Haya. Mdogo wako amecheka ile ya matofali hadi akashika ukuta. Vitoto vya paka vimeanza kukimbia nyumba nzima.

Hakuna kitu. Ni umri tu. Anaendesha vizuri kama zamani, magunia ya unga anayatoa kwenye mashine ya kusaga anayafikisha madukani bila hata moja kupasuka. Ila siku hizi akili yake inakuwa mbali kidogo, basi feni anazisahau na gari linachemka. Likichemka linasimama, analiacha lipoe. Juzijuzi lilisimama karibu na daraja. Akaenda akafungua kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, yeye huyo, ambaye amefokea nusu ya mji kwa kosa hilo hilo. Mkono umeungua mpaka kwenye kiwiko. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia alidhani gari limelala hapo tangu usiku. Ilikuwa mchana wa jua kali.

Tarumbeta siwezi kumwita. Jina lake hakupewa bure. Akilala na neno, asubuhi mwenye mashine ya kusaga ameshalisikia, na yule bwana tayari ameanza kuniuliza kama mzee yuko sawa. Akiwapa magunia watu wengine, baba yako ataamka asubuhi aende wapi? Hajawahi kukaa nyumbani mchana tangu nimjue. Hata siku ya kuzaliwa kwako alikuja mara moja, akakutazama, akarudi kupakua.

Kwa hiyo nitafunga mwenyewe. Usicheke. Shule niliishia darasa la tatu, lakini cherehani naifungua yote, naifunga, na hakuna skrubu inayobaki mezani. Nieleze taratibu, kama unamwelekeza mtu kushona. Mkono wa baba yako unaendelea kupona, hata kama hujauliza.

Mama yako

* * *

6 Aprili

Mama, shikamoo.

Nilicheka, samahani, halafu nikaacha kucheka. Vitu vyote vimo kwenye mfuko alioubeba dereva. Nimemwambia ni vipuri vya cherehani, akiuliza usinichongee.

Fanya injini ikiwa imelala na imepoa kabisa. Kwanza toa waya wa hasi kwenye betri, mweusi ule, kabla hujagusa kitu kingine chochote. Ni kama kuondoa mguu kwenye pedeli kabla hujatunga uzi.

Kile kisanduku chenye mkia wa shaba ndicho swichi ya joto. Mkia wake uchomeke kwenye rejeta, karibu na mpira wa juu ambako maji ya moto huingilia. Upitishe kati ya mapezi, yale mabati membamba kama nyembe, usiulazimishe penye bomba, utatoboa. Kisanduku chenyewe kifunge kwa skrubu kwenye bati la pembeni.

Kile kidude cheusi chenye miguu minne ni rilei. Huyu ni mbeba mzigo. Swichi ya joto ina mkono dhaifu, ikibeba feni mbili peke yake itaungua. Kwa hiyo yenyewe inamgusa rilei begani tu, na rilei ndiye anayebeba. Kila mguu una namba. Mguu wa 30 unapata waya mnene kutoka chanya ya betri, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, isikae katikati ya njia. Waya ukichubuka popote, fyuzi ife kabla gari halijawaka moto. Mguu wa 87 unakwenda kwenye feni zote mbili. Mguu wa 86 uunganishe na ule waya uliokuwa ukileta umeme kwenye swichi ya usukani. Hapo umeme unakuja ufunguo ukiwashwa tu, feni hazitakula betri gari likiwa limezimwa. Mguu wa 85 unakwenda kwenye swichi ya joto, na kutoka hapo unafungwa kwenye bodi ya gari, mahali ulipokwangua rangi hadi chuma kionekane. Feni zenyewe zina waya mweusi wa kurudi, nao unafungwa hapo hapo. Nimechora nyuma ya karatasi.

Swichi ya zamani iache mahali pake. Haitakuwa na kazi, lakini asipoiona atauliza.

Ukimaliza, weka gia huru, washa gari, subiri lipate moto. Shika kitambaa chepesi mbele ya rejeta. Feni zikivuta kitambaa, ni sawa. Zikikisukuma, zinazunguka kinyume. Zima kwanza, kisha badilishana nyaya mbili za feni. Na uweke vidole na khanga yako mbali na mapanga.

Nyaya usizifunge kwa tepu, gundi yake huyeyuka. Zifunge kwa uzi wa nta, fundo kila baada ya upana wa vidole vitatu. Fundo unalijua.

Mkono unaendeleaje?

Jambo lingine, kwa kuwa najua anaendelea kulisema. Spana zake zilizopotea sikuziiba. Yeye nilishamwambia, akaona nadanganya. Nakuambia wewe.

Mwanao

* * *

11 Mei

Mwanangu, fundi wangu,

Zinafanya kazi!

Ningeanza na salamu lakini nimeshindwa kujizuia. Tu wazima. Mdogo wako miguu imevimba, nesi anasema ni kawaida, mimi namwinulia kwenye mto. Vitoto vya paka nimeshavigawa, kimoja kimekataa kuhama.

Nilingoja siku baba yako alipokwenda kwa kinyozi, maana akishanyolewa hukaa pale kusikiliza porojo. Nikafungua boneti. Mwanangu, kule ndani ni kama kapu la fundi mvivu, nyaya zimelala ovyo kila rangi. Mchoro wako niliubana kwa vibanio vya nguo kwenye kioo cha mbele. Nikatoa waya mweusi wa betri. Nikachomeka mkia wa shaba taratibu kama mtu anayemchomoa mtoto mwiba. Pa kukwangua rangi nilikwangua kwa kisu cha jikoni. Yule mbeba mzigo wako nilimsemesha kila mguu, wewe wa 30 kaa hapa, wewe wa 87 usinisumbue. Jirani akachungulia juu ya ukuta akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia natafuta kuku.

Nikawasha. Sindano ikaanza kupanda, ikapanda tena, na mimi jasho linanitoka kana kwamba ndimi ninayechemka. Nikashika swichi ya usukani kwa mazoea ya kuona baba yako akifanya, haikuitika, nikakumbuka kuwa tumeiua. Nilikuwa naunyoosha mkono nizime gari, feni zikanguruma zenyewe. Nikakimbilia mbele na kitambaa. Kikanipiga usoni. Zilikuwa zinazunguka kinyume, kama ulivyosema. Nikazima, nikabadilisha, nikawasha tena, kitambaa kikanata kwenye rejeta kama ulimi kwenye barafu. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Lakini sikiliza lililofuata. Jioni baba yako akafungua boneti kutazama maji. Nilikuwa mlangoni, nikijiandaa kudanganya. Akawa anapitisha kidole kwenye ule uzi wa nta, fundo baada ya fundo. Akaniuliza, "Kijana amekuja lini?"

Nikajifuta mikono kwenye khanga.

"Huu ni mkono wa kijana wangu. Mbona hajaingia kula?"

Nikamwambia umepitia kwa rafiki zako. Akatoa kiti nje akakaa akitazama njia. Akaniambia nisifunike chakula chako kwa sahani ya bati, kitapoa. Asubuhi hakukuulizia tena, lakini mchana akaniuliza.

Na spana zimeonekana. Zote, hata ile ndogo. Ukija nitakuonyesha zilipokuwa.

Mama yako

* * *

2 Juni

Mama, shikamoo. Natumaini miguu ya mdogo wangu imepungua.

Sitazunguka, na wewe usizunguke. Alidhani gari limelala usiku kucha wakati ni mchana. Ameniona mimi kwenye mafundo, mimi yule yule aliyeniita mwizi. Spana zimeonekana mahali ambapo huwezi kupaandika. Nimelala na mambo haya matatu usiku mzima na yote yanakwenda upande mmoja.

Baba anasahau nini?

Kama ni ninavyodhani, basi uliniomba nikusaidie kuficha, na mimi nikakusaidia bila kujua. Ufunguo wa gari uchukue leo. Mweleze lolote. Barabarani kuna watoto wa watu.

Mwanao

* * *

17 Juni

Mwanangu,

Umeandika baba. Nimeliona.

Miguu imepungua. Mdogo wako anasema mtoto anacheza mpira humo ndani.

Spana zilikuwa ndani ya godoro letu. Nilikuwa naanika, nikaona pembeni upande wa ukutani kuna mshono si wangu. Mimi nikishona godoro narudi nyuma kila hatua, huo ulikuwa unakwenda moja kwa moja, uzi wa nta. Nikafumua. Zilikuwa zimefungwa kwenye shati lake la kazi, zimepakwa grisi zisipate kutu. Alizificha wezi wasizione, akaja akasahau, akakuita mwizi wewe, na wote wawili tukawa tunazilalia. Nililia, halafu nikacheka, maana muda wote huo alikuwa akilalamika kwamba godoro lina mawe.

Siku ile alipokufokea mbele ya watu, alikuwa ameshaanza kwenda mahali na sisi hatukuona. Nilidhani ni hasira. Wewe nawe ulidhani ni hasira, ukafunga mfuko.

Anasahau kama amekula. Anasahau jina la mashine ya kusaga na jina la mwenye mashine, anamwita "yule bwana wa kelele". Mdogo wako akiingia anaamkiwa kama mgeni, kisha katikati ya mazungumzo anamkumbuka na kumkemea kwa nini hajamtembelea. Lakini njia haisahau. Mikono yake inaijua pikapu. Akishika usukani uso wake unarudi ule ninaoujua, na mimi, Mungu anisamehe, nasubiri aondoke asubuhi ili nimwone anaondoka akiwa yeye.

Sasa unaniambia nichukue ufunguo. Nikiuchukua nitakuwa nimembakishia nini? Atakaa kwenye kile kiti akitazama njia, na kila siku nitamdanganya kuwa gari liko gereji. Feni sasa zinajiwasha, gari halichemki, unga unafika kwa wakati. Ngoja kidogo. Mtoto azaliwe kwanza. Nakuomba hivyo tu.

Usinikasirikie.

Mama yako

* * *

8 Julai

Mwanangu,

Sina salamu leo. Baba yako aliondoka juzi asubuhi kuchukua magunia na hakufika mashineni. Hajarudi. Simu anayo na imezimwa, na namba yako imo humo humo, kichwani sikuiweka. Polisi nimekwenda, wameandika. Mdogo wako nimemkataza kutembea.

Nimekaa nikawaza na nakuandikia nilichokiona. Zamani alikuwa akipotea kidogo. Sikukuambia. Alikuwa akipita mtaa wa kugeukia, anaendelea mbele, feni kazisahau, basi gari linachemka na kusimama, na watu wa karibu wanaomjua wanamrudisha. Pale darajani ndivyo ilivyokuwa, na siyo mara ile tu. Gari ndilo lililokuwa likimzuia. Mimi nikachukua kisu cha jikoni na uzi wangu nikakiondoa kile kilichokuwa kikimsimamisha. Sasa haliwezi kuchemka. Litakwenda mpaka mafuta yaishe, na alijaza tangi.

Dereva wa saruji anaondoka sasa hivi, ameniahidi kutazama pande zote mbili za barabara. Injini niliifanya nzima na yeye nikampoteza.

Mtafute.

* * *

12 Julai

Mama,

Amepatikana. Ni mzima. Nimeliandika mwanzo ulisome kwanza, sasa kaa chini usome mengine.

Dereva aliiona pikapu kabla hata hajanifikia, imesimama kando ya barabara ya kuja huku kwangu, karibu na kibanda cha mziba pancha. Hakusimama, aliogopa baba asije akamkimbia. Alikuja moja kwa moja gereji akanipa barua yako na kuniambia nipande. Njia nzima hakusema neno. Nimejua hapo kwamba anaweza.

Mafuta yalimwishia. Injini haina kosa lolote, maji yamejaa. Mziba pancha amekuwa akimpa chakula na blanketi. Anasema walimsihi aingie ndani wakati wa mvua, akakataa kuondoka kwenye gari. Aliwaambia, "Kijana wangu amekwenda kutafuta maji. Akirudi asinikute?" Walidhani ni mtoto mdogo, wakaenda kumtafuta vichakani.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalinitoka nilipomwona. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mkono ule wenye kovu umelala kwenye usukani. Akanitazama kidogo, akasema, "Umechelewa."

Nikamwambia kisima kilikuwa mbali.

"Si kitu. Injini imeshapoa."

Basi, Mama. Mwaka mzima nilikuwa nasubiri aniombe radhi, na hilo ndilo nililopata, nami nimelipokea.

Baadaye akafungua boneti akanionyesha mafundo yako, akasema nimefunga vizuri ila nimeharibu swichi yake. Ameibonyeza njia nzima haimsikii. Nilishindwa kumtazama. Sisi wawili tulimwachia swichi iliyokufa kama mtoto anayepewa simu ya plastiki.

Nimeirudisha. Nimevuta waya mwembamba kutoka mguu wa 85, nikaupitisha kwenye swichi yake, nikaumalizia kwenye bodi. Sasa feni zinaitikia swichi zote mbili, yake na ya joto: akibonyeza zinawaka, akisahau zitajiwasha. Ila swichi nimeihamisha, ipo upande wa abiria. Nilimwambia kazi ya kuangalia sindano inataka mtu mzoefu na mimi njia siijui. Akahamia mwenyewe. Ufunguo ninao mimi na hakuuliza.

Dereva anatangulia na barua hii. Sisi tunakuja nyuma yake polepole, maana kila mlima baba ananiambia nipunguze.

Pika.

Mwanao

* * *

20 Oktoba

Mwanangu,

Chumba chako umekikuta salama? Fundi viatu umempa ule unga? Mtoto wa mdogo wako amejua kucheka, anamchekea baba yako zaidi ya wote. Baba yako anamwita kwa jina lako na tumeacha kumsahihisha. Paka ana mimba tena, kapu nimelihamishia juu ya kabati.

Udereva ulionifundisha likizo yako sijausahau. Kuwasha na kusimama najua, kurudi nyuma bado naomba Mungu. Mwenye mashine ya kusaga alicheka siku ya kwanza aliponiona nashuka upande wa dereva, na Tarumbeta aliitangaza kwa siku kadhaa kwamba mke wa mzee amepindua serikali. Wacha aseme. Magunia yanafika. Baba yako anakaa kando yangu, anawaamkia watu dirishani, wengine anawajua na wengine anawajua tu kwa siku hiyo.

Siyo kila siku ni nzuri, nisikudanganye, nimeacha kukudanganya. Kuna asubuhi anaamka ananiuliza mimi ni nani na mke wake yuko wapi. Namwambia mke wake anakuja, namwambia twende kwenye gari tukamngoje. Akishakaa na kuiona sindano anatulia. Wiki iliyopita alilia na sikujua analilia nini, naye hakujua.

Jana tulikuwa tunapanda kile kilima cha hospitali, magunia yamejaa. Alikuwa anatazama nje, kuna watoto walikuwa wanacheza. Sindano ikaanza kupanda. Nikaiona mimi, nikanyamaza. Ikapanda, mkono wake umelala pajani, hauna habari na swichi. Nikang'ang'ania usukani na kuomba mafundo yangu yashike. Feni zikanguruma zenyewe.

Akashtuka. Akaitazama sindano, akanyoosha kidole akaigusa swichi, akanigeukia na ule uso wake wa zamani, akasema, "Umeona? Nimewahi."

Nikamwambia, "Umewahi."

Mama yako